Kinyozi Hajinyoi: Mpiga Picha Mbele ya Kamera, 1839–2014

Ikisiri

Historia ya upigaji picha imeandikwa zaidi kwa kutazama picha zilizopigwa kuliko kumtazama mtu aliyezipiga. Makala haya yanachunguza jambo ambalo mara nyingi huchukuliwa kuwa mzaha wa kikazi tu, yaani kusita kwa mpiga picha pale kamera inapogeuzwa kumwelekea yeye. Makala yanaanza na ushahidi wa lugha, hasa matumizi ya vitenzi kupiga, kupigwa na kujipiga katika Kiswahili, yakilinganishwa na Kiganda na Kinyarwanda. Kisha yanapitia mifano ya Hippolyte Bayard, Henri Cartier-Bresson, Vivian Maier na Samuel Fosso. Hoja kuu ni kwamba kusita huko hakutokani na soni wala majivuno. Mpiga picha anajua kwa uzoefu ni nani huchagua wakati, nani hubaki na picha, na nani huitazama baadaye. Makala yanamalizia kwa kupendekeza namna ya kuwatafuta na kuwaheshimu wapiga picha wa Afrika Mashariki na Kati katika kumbukumbu zetu.

1. Utangulizi

Seremala anaweza kukalia kiti alichokiunda, na mshonaji akavaa kanzu aliyoishona, pasipo yeyote kushangaa. Mpiga picha hana wepesi huo. Kazi yake humtaka asimame mahali pasipoonekana. Ukifungua albamu ya arusi, ya ubatizo au ya mahafali, utawakuta wazazi, mashahidi, majirani na hata watoto waliopenya mbele bila kuitwa. Asiyekuwamo ni yule aliyewaona wote. Jina lake huenda limo katika muhuri nyuma ya picha, pamoja na sanduku la posta la studio yake, lakini uso wake haumo.

Wahenga walisema: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba kila mwenye ujuzi humhitaji mwenzake. Hapa tunaichukua kama swali la kihistoria. Je, mpiga picha anapohitaji picha yake mwenyewe, hufanya nini? Huenda kwa kinyozi mwingine? Hujinyoa mwenyewe? Au huacha nywele zake zikue?

Maelezo mawili ya kusita kwa mpiga picha husikika mara nyingi. La kwanza ni kwamba watu wa kazi hii huona soni. La pili ni kwamba hawana nafasi, kwa kuwa daima kamera imo mikononi mwao. Maelezo yote mawili yana ukweli kidogo, lakini hayatoshi. Soni haielezi kwa nini mtu yuleyule hukataa kupigwa na mwingine na papo hapo akajipiga mwenyewe mara mamia. Kukosa nafasi nako hakuelezi kwa nini mtu mwenye nafasi tele huufunika uso wake kwa karatasi. Inabidi tutafute sababu ndani ya kazi yenyewe.

2. Ushahidi wa lugha: nani anapiga?

Kitenzi piga katika Kiswahili kina maana ya msingi ya kugonga au kuchapa, lakini katika tungo nyingi kimepoteza pigo lake. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga mswaki. Kupiga picha kumo katika kundi hilo. Hata hivyo, pigo halijatoweka kabisa. Tukikiweka kitenzi katika kauli ya kutendwa, linarudi kwa mbali. Anayesikia neno amepigwa, kabla hajasikia linalofuata, hushtuka kidogo na kungoja. Neno picha likifika, hutulia. Umbo la sentensi, hata hivyo, limekwisha kumweka mtu huyo upande wa mtendwa.

Jambo la kuvutia ni kwamba wasemaji wa kawaida mara nyingi huikwepa kauli hiyo. Mtu huaga nyumbani akisema: nakwenda studio kupiga picha ya pasipoti. Yeye hatagusa kamera. Atakaa juu ya kibao, atainua kidevu kama atakavyoelekezwa, atalipa na kuondoka. Hata hivyo, katika sentensi yake yeye ndiye mtenda. Muundo huu hauko katika picha pekee. Mwanamke hurudi kutoka kwa msusi akasema nimesuka, mwanamume hurudi kutoka kwa kinyozi akasema nimenyoa, na mwenye kitambaa husema nimeshona gauni ilhali sindano ilikuwa mkononi mwa fundi. Katika tungo hizi, Kiswahili humhesabu mwenye kuagiza kazi, mwenye kuchagua na kulipa, kuwa ndiye aliyetenda. Kunyolewa na kusukwa vipo, lakini husemwa pale tunapotaka kuonyesha kwamba mkono ulikuwa wa mwingine.

Lugha jirani zinatusaidia kuliona jambo hili kwa pembe nyingine. Katika Kiganda, kupiga picha ni okukuba ekifaananyi. Okukuba ni kupiga, kama kwetu, na ekifaananyi kinatokana na kufanana, kwa hiyo picha ni kile kinachofanana na mtu. Mganda aliyekwenda studio husema amejifanyia jambo hilo kwa mkono wa mwingine, okwekubisa, kitenzi chenye kirejeshi na kisababishi kwa pamoja. Kinyarwanda nacho, kwa kitenzi gufotora kilichotoholewa, kimejenga jozi iliyo wazi zaidi. Kwifotora ni kujipiga picha mwenyewe, na kwifotoza ni kujifanya upigwe picha, yaani kuagiza picha yako kwa mpigaji. Kwa Mnyarwanda, anayejipiga na anayejipigisha ni watu wawili tofauti, na wote wawili ni tofauti na yule aliyepigwa bila kuulizwa.

Kwa hiyo tuna nafasi nne, wala si mbili. Kuna anayepiga, anayepigwa, anayejipiga na anayejipigisha. Mteja wa studio yuko katika nafasi ya nne, na lugha humpa heshima ya mtenda. Mpiga picha anapogeuziwa kamera hujikuta mara nyingi akisukumwa katika nafasi ya pili, ile ambayo yeye mwenyewe amewaweka wengi. Mifano inayofuata inaonyesha jinsi watu wanne wa kazi hii walivyoikabili nafasi hiyo.

3. Akijinyoa hujikata: Bayard, 1840

Picha ya mpiga picha ni ya kale karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1839, mjini Philadelphia, Robert Cornelius, mtoto wa mtengenezaji wa taa, alijipiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Picha hiyo imesalia. Hakukaa katikati ya fremu, nywele zake zimetimka, mikono ameikunja kifuani. Wakati huo sababu ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa bado jaribio, na mtu aliyekuwa tayari kutulia muda mrefu mbele ya lenzi alikuwa mwenye jaribio mwenyewe.

Mwaka mmoja baadaye, huko Ufaransa, sababu ilikuwa nyingine. Tarehe 19 Agosti 1839, François Arago alitangaza mjini Paris ufundi wa Louis Daguerre mbele ya wanasayansi na wasanii, na serikali ikampa Daguerre posho ya faranga 6,000 kwa mwaka. Hippolyte Bayard, karani katika wizara ya fedha, alikuwa amevumbua njia yake mwenyewe ya kupata picha moja kwa moja juu ya karatasi. Alikuwa ameionyesha hadharani mwezi Juni mwaka huohuo, kabla ya tangazo la Daguerre. Alichopata yeye ni faranga 600 za kununulia vifaa.

Oktoba 1840 Bayard alijipiga picha akiwa kama maiti. Yu kifua wazi, ameegemea ubavu, macho yamefumba, shuka limemfunika kuanzia kiunoni. Nyuma ya picha aliandika maelezo kana kwamba mwandishi ni mtu mwingine. Mwili huu, anasema, ni wa Bayard, ambaye amejitosa majini kwa sababu dola iliyompa Daguerre mengi haikuwa na chochote kwa ajili yake. Anawatahadharisha watazamaji juu ya harufu, maana uso na mikono vimeanza kuoza. Kwa hakika uso na mikono vilionekana vyeusi kwa sababu vilikuwa vimeungua jua. Bayard aliishi hadi 1887.

Picha hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, huu ni ushahidi wa mapema sana kwamba kamera inaweza kusema uongo, na aliyeuonyesha ni fundi wa kamera mwenyewe, kwa kutumia mwili wake. Pili, hoja yake ingekosa nguvu kama picha ingepigwa na mwingine. Mtu aliyenyimwa jina alihitaji kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, ili aliyeitazama picha asiweze kuitenganisha na aliyeivumbua. Ndiyo kusema kinyozi huyu alijinyoa akijua kwamba atajikata, na jeraha ndilo alilotaka lionekane.

4. Anayekataa: Cartier-Bresson

Katika karne ya 20, kamera ndogo za mkononi zilimtoa mpiga picha studioni na kumpeleka barabarani. Huko ndiko kusita kulikogeuka kuwa kanuni ya kazi. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 2004, mmoja wa waanzilishi wa shirika la Magnum mwaka 1947. Alifunika kwa utepe mweusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica ili watu wasiitambue. Alipiga kwa haraka, bila kumwomba mtu apange uso wake. Mtu wa namna hiyo anahitaji kupita katika umati kama mpita njia yeyote. Uso wake ukijulikana, kila anapoingia watu watanyoosha migongo, na kile alichokifuata kitakuwa kimekwisha.

Kusita kwake kulianza kabla ya umaarufu. Picha yake mwenyewe aliyoipiga nchini Italia mwanzoni mwa miaka ya 1930 inaonyesha mwili ulionyooshwa juu ya ukuta wa mawe na mguu kwa mbele. Uso haumo. Kulikuwa na sababu nyingine pia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alitekwa na Wajerumani, akajaribu kutoroka mara tatu, na mara ya tatu, mwaka 1943, akafaulu. Jumba la Museum of Modern Art la New York, likidhani amekwisha kufa, lilianza kuandaa maonyesho ya kumkumbuka, na maonyesho hayo yalipofunguliwa mwaka 1947 yeye alikuwa hai. Mwaka 1975, alipotunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Oxford, aliinua karatasi mbele ya uso wake ili asipigwe. Miaka ya baadaye alieleza kwamba hakuchukia picha kwa sababu ya picha. Kilichomuudhi ni kupigwa kwa sababu tu ya kuwa mtu mashuhuri.

Hapa mtafiti hawezi kukwepa swali la haki. Mtu aliyewapiga maelfu bila kuwaomba ruhusa, kwa nini ajikinge na kile alichowatendea wengine? Ni rahisi kuliita jambo hili unafiki, na shutuma hiyo ina msingi. Waliopigwa naye njiani, katika nchi nyingi zikiwemo zilizokuwa chini ya ukoloni, hawakuwa na karatasi ya kuinua. Lakini kwa mwanahistoria, karatasi ile ya Oxford ni ushahidi zaidi kuliko ni kosa. Inatuambia kwamba aliyekuwa nyuma ya lenzi alifahamu vema uzito wa kuchukuliwa sura yako kwa wakati usiouchagua, na kubaki hivyo machoni pa watu usiowajua. Ujuzi huo ndio uliomfanya akatae. Wengi waliopigwa hawakupata nafasi ya kukataa, na pengo hilo ni sehemu ya historia ya kazi hii.

5. Kivuli na kioo: Vivian Maier

Vivian Maier alizaliwa New York mwaka 1926 na kufariki mwaka 2009. Alifanya kazi ya yaya katika nyumba za watu, na saa zake za mapumziko alizunguka mitaani na kamera ya Rolleiflex shingoni. Aliacha zaidi ya negativi 100,000, nyingi hakumwonyesha mtu, na filamu nyingi hata hakuzisafisha. Mwaka 2007, kwa kuwa kodi ya ghala alimohifadhi mali yake haikulipwa, masanduku yake yaliuzwa kwa mnada. Waliyoyafungua ndio waliomfanya ajulikane, naye alikuwa amekwisha kufariki.

Mwanamke huyu aliyejificha kiasi hiki alijipiga mara nyingi mno. Njia yake, hata hivyo, ilikuwa ya pembeni. Yumo katika kioo cha duka, katika kioo cha mviringo cha kuongozea magari, katika dirisha lililochanganya sura yake na bidhaa za ndani. Kwingineko yumo kama kivuli tu, kofia na mabega juu ya majani makavu. Kamera imo kifuani mwake, macho yake mara nyingi hayatutazami. Hapa hatumwoni mtu anayejipamba kwa ajili ya mtazamaji. Tunamwona mtu anayejihakikishia kwamba alikuwapo.

Msomaji wa pwani yetu atalitambua neno kivuli kwa uzito wake. Katika mijadala ya Kiislamu kuhusu taswira, baadhi ya wanazuoni wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20 walitetea kamera kwa hoja kwamba haiumbi sura mpya, bali huzuia kivuli kilichokwishaumbwa na Mungu, kama kioo kinavyofanya. Maier hakuwa na habari na mjadala huo, lakini picha zake zinaigusa hoja hiyo kwa njia ya ajabu. Aliyejipiga kama kivuli na kama mwanga katika kioo hakutaka kuunda sura ya kuhifadhiwa na watu.

Sasa sura hiyo imo katika vitabu na katika kumbi za maonyesho za nchi nyingi, na kuanzia mwaka 2014 swali la nani mwenye hakimiliki lilifika mahakamani. Sheria inaweza kuamua ni nani apokee fedha. Haiwezi kutuambia kama mwenyewe angekubali. Aliyejipiga alichagua wakati na akabaki na picha, lakini hakuchagua mtazamaji.

6. Fremu zilizobaki: Samuel Fosso

Mfano wa nne unatuleta jirani zaidi, mjini Bangui. Samuel Fosso alizaliwa Kumba, Kamerun, mwaka 1962, akalelewa upande wa Nigeria katika miaka ya vita vya Biafra, na mwaka 1972 akapelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati kuishi na mjomba wake aliyekuwa fundi viatu. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, alifungua studio yake. Mchana alipiga wateja wake, nao walitaka picha zao haraka. Filamu haikuweza kungoja hadi ijae. Ili asipoteze fremu chache zilizobaki mwishoni, alijipiga mwenyewe jioni baada ya kufunga mlango, akivaa suruali pana na viatu vya visigino virefu vya miaka ile. Baadhi ya picha hizo alizituma kwa bibi yake Nigeria, ili ajue kwamba mjukuu yu hai na mzima.

Fosso amesimulia kwamba utotoni hakupigwa picha kama watoto wengine, kwa kuwa alizaliwa akiwa na ulemavu wa viungo na haikuonekana kuna haja ya kumgharamia. Kwa mtu wa historia hiyo, kujipiga hakukuwa anasa. Alikuwa akiijaza albamu iliyoachwa tupu. Tofauti na Cartier-Bresson, uso wake haukuwa hatari kwa kazi yake. Tofauti na Maier, alijua tangu mwanzo picha inakwenda kwa nani. Alichagua wakati, alichagua nguo, alichagua mtazamaji, na mtazamaji huyo alikuwa mmoja.

Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa katika tamasha la kwanza la upigaji picha la Bamako, na mtazamaji mmoja akageuka kuwa ulimwengu. Tangu hapo Fosso hakuacha kujipiga, lakini kazi ilibadilika. Katika mfululizo wa mwaka 2008 uitwao African Spirits, anavaa sura za Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Malcolm X, Angela Davis na wengine. Uso ni wake, lakini unabeba historia ya watu wengi. Picha kubwa za namna hii huhitaji mavazi, mapambo na mikono ya wasaidizi. Hapa jozi ya Kinyarwanda inaeleza vizuri kuliko Kiswahili. Kijana wa Bangui alikuwa akijipiga, na msanii wa 2008 anajipiga na kujipigisha kwa pamoja.

Mwanzoni mwa 2014, vita vya Jamhuri ya Afrika ya Kati viliingia hadi nyumbani kwake mjini Bangui. Yeye hakuwapo. Nyumba iliporwa, na negativi na picha zake zikatupwa nje njiani. Waandishi wa habari waliokuwa karibu walizikusanya na kuokoa maelfu. Wezi walichukua vilivyokuwa na bei sokoni, na kumbukumbu ya miaka karibu 40 ya mtaa mmoja, pamoja na uso wa aliyeitunza, ikabaki vumbini. Kama wasingepita watu waliojua thamani yake, leo tungekuwa na nakala chache zilizokuwa zimekwisha kutoka nje ya nchi, na studio yenyewe ingetoweka.

7. Wapiga picha wetu wako wapi?

Mfano wa Bangui unapaswa kutushtua sisi wa Afrika Mashariki na Kati. Tunazo studio zilizoandika historia ya miji yetu. Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi bila mwalimu, anajulikana kwa picha za kuunganisha, ambazo mtu aliweza kutokea mahali ambapo hakupata kufika. Kinshasa, Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco na wa usiku wa jiji lile. Uganda, mradi wa History in Progress Uganda umekuwa tangu 2011 ukikusanya picha za zamani, na mfululizo wa vitabu vilivyotokana na kazi hiyo unaitwa Ebifananyi, cha kwanza kikimhusu mpiga picha Deo Kyakulagira.

Hawa ni waliojulikana. Kila mji wa wilaya ulikuwa na mwenzao asiyejulikana, mwenye chumba chenye pazia lililochorwa mnazi au ndege, kiti kimoja, chanuo na kioo kidogo ukutani cha mteja kujitazamia kabla ya kukaa. Kioo hicho ni chombo muhimu katika hoja ya makala haya. Mpiga picha alimpa mteja fursa ya kuuchagua uso wake. Alimpa, kwa maneno ya sarufi, nafasi ya mtenda. Mteja alirudi nyumbani akisema nimepiga picha, na alisema kweli. Ndiyo maana mpiga picha wa studio, tofauti na wa barabarani, hakuwa na sababu ya kuogopa kamera kama silaha. Kama uso wake umekosekana katika kumbukumbu, tusidhani haraka kwamba alikataa. Huenda alipigwa na mwanafunzi wake, na picha imo kwa wajukuu bila maelezo. Huenda alijipiga mwishoni mwa filamu kama Fosso, na negativi hiyo imechanganyika na za wateja.

Studio nyingi za aina hii zimefungwa. Simu ya mkononi imemfanya kila mtu awe anayejipiga, na negativi za zamani zimo katika maboksi ya viatu, zikishikana kwa unyevu na joto. Mtafiti anayengoja hadi zifike katika nyaraka za taifa atakuta nyingi zimekwisha kuharibika.

8. Hitimisho

Mifano minne tuliyoipitia haina jibu moja. Bayard alijipiga ili ashtaki. Cartier-Bresson alikataa ili aendelee kufanya kazi, na kwa sababu alijua kinachotokea kwa sura iliyochukuliwa. Maier alijipiga bila kutaka kuonwa, na akaonwa. Fosso alijipiga ili aonwe na mtu mmoja, kisha akakubali kuonwa na wengi. Kinachowaunganisha ni ujuzi. Kila mmoja alijua kwamba swali la picha haliishii katika uso ulio mbele ya lenzi. Linamhusu aliyechagua wakati, aliyebaki na picha, na aliyekuja kuitazama.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaokusanya picha za studio za eneo letu wamtafute mpiga picha mwenyewe katika picha, na wanapompata waulize familia maswali matatu: nani alibonyeza kamera, picha ilikusudiwa nani, na je, mwenyewe alikuwa akiionyesha kwa wageni? Majibu yaandikwe pamoja na picha, hata kama jibu ni kwamba hajulikani. Pili, pale familia inaposema kwamba marehemu hakupenda kuonwa, kauli hiyo ihesabiwe kuwa habari ya kihistoria yenye uzito sawa na picha, na iheshimiwe. Tatu, kamusi zetu zionyeshe wazi kwamba kupiga picha kuna watenda wawili, mwenye kamera na mwenye kuagiza, sawa na kunyoa, kusuka na kushona. Wateja wa studio wamekuwa wakizungumza hivyo kila siku, na maelezo ya sarufi hayana budi kuwafuata.